Kutoka kwa Bwana Shauri hadi kwa hakimu

Ndugu wasikilizaji, juma hili nimechagua kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu hulikimbia mpaka siku linapotufika nyumbani. Nalo ni utaratibu wa mahakama. Sizungumzii makosa wala adhabu, bali ile njia ambayo shauri hupitia tangu linapofunguliwa mpaka linapomalizika. Najua wapo watakaosema kuwa hayo ni mambo ya mawakili. Naomba mnivumilie, kwa sababu njia hiyo ina historia, na historia hiyo ni yetu.

Tuanze na neno lenyewe, shauri. Kwa Kiswahili chetu mtu akishikwa na polisi ana shauri. Mtu akidaiwa ana shauri. Wazee wakikaa chini ya mwembe kuwapatanisha ndugu wawili, wanakata shauri. Mjerumani alipoitawala nchi hii alilichukua neno hilo kama lilivyo, akaliandika katika taarifa zake kwa tahajia ya kwao, na kikao cha bomani cha kusikiliza mambo ya watu weusi kikaitwa shauri. Mwingereza naye alipokuja, wananchi walimpa mkuu wake wa wilaya jina la Bwana Shauri.

Jina hilo halikuwa mzaha. Hebu fikirini mtu aliyeshindwa kulipa kodi ya kichwa katika miaka ile. Aliyesimamia kodi alikuwa Bwana Shauri. Aliyetuma askari kwenda kumkamata alikuwa Bwana Shauri. Aliyekaa mezani kuamua kama ana hatia alikuwa Bwana Shauri. Na kama mtu huyo hakuridhika, malalamiko yake yalikwenda kwa mkubwa wa Bwana Shauri, mkuu wa jimbo, ambaye naye alikuwa akisubiri kodi hiyohiyo. Wahenga walisema kesi ya ngedere haipelekwi kwa nyani. Wananchi wa Tanganyika waliipeleka kwa nyani kwa zaidi ya miaka arobaini, maana hapakuwa na pengine pa kuipeleka.

Basi neno langu la leo ni hili. Zile hatua za mahakama zinazotuchosha, zile za kuahirisha, kuandika, kusikiliza upande huu na upande ule, nyingi ziliwekwa ili kazi alizokuwa nazo Bwana Shauri peke yake zigawanywe kwa watu mbalimbali. Tukizidharau tunamrudisha. Lakini pia nitasema kwamba si kila utaratibu ni mwema. Upo utaratibu unaoonyesha njia, na upo utaratibu unaofunga mlango. Mwananchi anapaswa kujua kuutofautisha.

Nizungumzie kwanza enzi za Mjerumani. Katika utawala wake Mzungu alikuwa na mahakama yenye jaji na sheria zilizoandikwa za Ujerumani. Mwafrika alihukumiwa na ofisa wa wilaya, ambaye hakulazimika kuwa amesomea sheria, au na liwali na akida waliokuwa chini yake. Amri iliyotolewa Berlin mwaka 1896 iliweka ukomo wa viboko kuwa 25 kwa mara moja. Huo ndio uliokuwa utaratibu wetu wa jinai: kwamba hata kipigo kina hesabu. Habari ya kusomewa mashitaka kwa maandishi, kuita mashahidi wako, au kukata rufaa mbele ya jaji, haikuwa habari ya mtu mweusi.

Mwingereza aliichukua nchi, na mwaka 1920 akaunda Mahakama Kuu ya Tanganyika. Aliagiza kwamba sheria ya jumla ya Uingereza kama ilivyokuwa siku ya tarehe 22 Julai 1920 ndiyo itakayotumika hapa pale ambapo hakuna sheria nyingine. Kisha akaleta sheria za India kwa wingi. Utaratibu wa madai ulifuata kanuni ya India ya mwaka 1908, na ushahidi ulifuata sheria ya India ya mwaka 1872. Mfanyabiashara wa Tanga akimshitaki mwenzake kwa deni, hakimu alifungua kitabu kilichotungwa kwa ajili ya Calcutta na Bombay. Na ajabu ni kwamba vitabu hivyo vilikuwa vizuri kiasi chake. Vilisema nani aanze kusema, nani athibitishe nini, na nani apewe nakala ya karatasi gani. Tatizo ni kwamba havikuwa kwa ajili ya kila mtu.

Maana mwaka 1929, wakati wa Gavana Donald Cameron na siasa yake ya kutawala kwa kupitia machifu, ilitungwa sheria ya mahakama za wenyeji. Mahakama hizo ziliondolewa chini ya Mahakama Kuu zikawekwa chini ya maofisa wa utawala. Chifu alihukumu, rufaa ikaenda kwa Bwana Shauri, kisha kwa mkuu wa jimbo, kisha kwa Gavana. Jaji hakuonekana katika ngazi hiyo hata kwa mbali, na wakili hakuruhusiwa kuingia. Mwaka 1933 serikali ya London ilileta tume chini ya mwanasheria wake, Grattan Bushe, kuchunguza jinsi kesi za jinai zinavyoendeshwa katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Tume hiyo ilipendekeza kwamba kazi ya kuhukumu makosa mazito itoke kwa maofisa wa utawala iende kwa watu wa sheria. Magavana walipinga sehemu kubwa ya mapendekezo hayo. Hoja yao ilikuwa kwamba Mwafrika anamheshimu yule anayemtawala, na kwamba utaratibu wa mahakama utamchanganya. Ndugu zangu, mtu akikuambia kuwa utaratibu utakuchanganya, muulize kwanza yeye anafaidika na nini ukikosekana.

Kabla sijafika kwenye Uhuru, nieleze tofauti kati ya jinai na madai, maana bila hiyo hatutaelewana. Nitatumia kesi ambayo wazee wengi waliifuatilia. Mwaka 1958 Mwalimu Julius Nyerere aliandika katika gazeti la Sauti ya TANU makala iliyowashutumu wakuu wawili wa wilaya, yaani Mabwana Shauri wawili. Serikali ilimshitaki kwa kashfa. Akatetewa na mawakili, akiwamo D. N. Pritt kutoka Uingereza, kesi ikasikilizwa Dar es Salaam, akaonekana ana hatia, akaambiwa alipe faini ya shilingi 3,000 au aende jela miezi sita. Akalipa.

Sasa sikilizeni. Kama maneno ya Mwalimu yaliwaumiza wale wakuu wawili, sheria iliwapa njia nyingine. Wangeweza kumshitaki wao wenyewe, kwa majina yao, wakadai fidia. Hiyo ingekuwa kesi ya madai. Wangekuwa wadai, naye mdaiwa. Kama wangeshinda angewalipa fedha, na wangeshindwa wangelipa gharama zake. Habari ya jela isingekuwapo. Lakini serikali ilichagua njia ya jinai. Katika jinai anayelalamika si mtu aliyeumizwa bali ni dola, wakati ule ikiitwa Malkia na sasa Jamhuri. Anayeshitakiwa huitwa mshitakiwa, na mwisho wake ni faini, kifungo au zaidi. Neno moja, gazeti moja, lakini milango miwili. Kwa hiyo ukisikia kesi, swali la kwanza si nani amekosa. Swali la kwanza ni huyu mtu ameingizwa kwa mlango upi.

Na hapa ndipo wananchi wengi wanapopotea hata leo. Mtu amemkopesha jirani yake shilingi laki tano, jirani hakulipa. Anakimbilia polisi. Jirani anawekwa ndani siku moja, anatoka, na mwenye fedha anarudi nyumbani akisema polisi wamekula rushwa. Huenda hawakula. Kukopa na kushindwa kulipa si kosa la jinai. Ni deni, na deni hudaiwa mahakamani kwa njia ya madai. Ingekuwa jinai kama jirani alidanganya tangu mwanzo, kwa mfano alionyesha hati ya nyumba isiyo yake ili apewe fedha. Huko ndiko kujipatia fedha kwa udanganyifu. Upande mwingine, dereva akimgonga mtu kwa uzembe, milango yote miwili iko wazi. Jamhuri itamshitaki dereva kwa kuendesha kwa hatari, na aliyegongwa anaweza kufungua kesi yake ya madai apate fidia. Faini atakayotozwa dereva inaingia serikalini. Haimtibu mguu aliyevunjika. Wapo waliokaa miaka wakisubiri kesi ya jinai iwalipe, wakagutuka muda wa kudai umekwisha. Maana Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 inatoa miaka 3 kwa madai ya madhara kama hayo, miaka 6 kwa mikataba, na miaka 12 kwa ardhi. Ukichelewa, haki yako inabaki kuwa hadithi.

Tofauti nyingine ni uzito wa ushahidi. Katika madai hakimu hupima kama mtu wa dukani. Upande upi umeelemea? Ukiwa ni wako, hata kwa kidogo, umeshinda. Katika jinai mizani hiyo haitoshi. Jamhuri inapaswa kuthibitisha bila kuacha shaka ya maana, na mshitakiwa hana wajibu wa kuthibitisha kuwa hana hatia. Anaweza hata kunyamaza. Watu hukasirika wakiona mtu "wanayemjua" ameachiwa, wakasema sheria inawapenda wahalifu. Sivyo. Dola ina polisi, ina maabara, ina magari, ina fedha. Yule mtu kizimbani ana mdomo wake tu. Ndiyo maana mzigo wamepewa wenye mabega mapana.

Sasa turudi kwenye historia. Baada ya Uhuru serikali iliukuta ule mgawanyiko, mahakama za weusi upande huu na mahakama za Mwingereza upande ule. Mwaka 1963 machifu waliondolewa katika utawala, na mwaka huohuo Bunge likapitisha Sheria ya Mahakama za Mahakimu, iliyoanza kutumika Julai 1964. Hapo ndipo ngazi tunayoijua ilipojengwa Tanzania Bara: Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi, kisha Mahakama Kuu. Zanzibar ina mahakama zake na utaratibu wake, nami leo sizungumzii huko. Kwa mara ya kwanza mkulima aliyeshindwa kesi kijijini aliweza kupanda ngazi mpaka mbele ya jaji bila kupitia mlango wa mkuu wa wilaya. Mwaka 1966 tukatunga Sheria yetu ya Mwenendo wa Madai badala ya ile ya India, na mwaka 1967 Sheria yetu ya Ushahidi. Mwaka 1979, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, tukapata Mahakama yetu ya Rufani. Na mwaka 1985 Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ikachukua nafasi ya ile ya mkoloni ya mwaka 1945.

Niwapitishe haraka katika njia hizo mbili jinsi zilivyopangwa, kwa sababu kila kituo kina sababu yake.

Katika jinai, aliyekamatwa anapaswa kuambiwa kwa nini amekamatwa. Anatakiwa kufikishwa mahakamani katika muda wa saa 24, ili mtu mwingine asiye polisi amwone akiwa hai na mzima. Husomewa mashitaka kwa lugha anayoielewa, kisha huulizwa kama ni kweli au si kweli. Akikana, Jamhuri huleta mashahidi, naye au wakili wake huwahoji. Upande wa mashitaka ukimaliza, hakimu husimama na kujiuliza: je, mtu huyu ana kesi ya kujibu? Kama hakuna, anaachiwa bila hata kufungua mdomo. Kama ipo, anajitetea na kuita mashahidi wake. Halafu hukumu, nayo lazima iandikwe na itoe sababu. Asiyeridhika na hukumu ya Mahakama ya Wilaya anatakiwa atoe taarifa ya kusudio la kukata rufaa katika siku 10. Anayetoka Mahakama ya Mwanzo ana siku 30 kwenda Mahakama ya Wilaya.

Katika madai, mdai hupeleka hati ya madai yenye kueleza anadai nini, kwa nani na kwa sababu gani. Mdaiwa hupewa samansi pamoja na nakala ya hati hiyo, ajibu kwa maandishi katika siku 21. Akikaa kimya, mdai anaweza kuhukumiwa ameshinda upande mmoja. Wengi wamepoteza nyumba kwa kuiweka samansi chini ya godoro wakidhani isiposomwa haipo! Majibu yakipatikana, tangu mwaka 1994 wahusika hupelekwa kwanza kwenye usuluhishi, waone kama wataelewana. Wasipoelewana, mahakama huandika hoja zinazobishaniwa, na ushahidi hutolewa juu ya hizo tu. Baada ya hukumu hutoka tuzo, na tuzo isipotekelezwa kwa hiari, mshindi hurudi kuomba kukaza hukumu. Hapo ndipo dalali wa mahakama hutokea. Jueni basi kwamba kushinda kesi ya madai na kulipwa ni mambo mawili tofauti.

Ukiitazama njia yote hiyo utaona kuwa kazi za Bwana Shauri zimekatwa vipande. Anayekamata si anayehukumu. Anayehukumu lazima aandike sababu, na mwingine juu yake azisome. Hata ile kazi ya kushitaki, ambayo kwa miaka mingi ilifanywa mahakamani na maofisa wa polisi walewale waliopeleleza, ilitengewa chombo chake kwa sheria ya mwaka 2008 chini ya Mkurugenzi wa Mashitaka.

Lakini nilisema upo utaratibu unaofunga mlango. Mifano miwili inatosha, mmoja wa jinai na mmoja wa madai, na yote ilitokea mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Mwaka 1984 Katiba yetu iliingiziwa haki za binadamu, ila ikasemwa kwamba haziwezi kudaiwa mahakamani mpaka mwaka 1988, ili serikali ipate muda wa kurekebisha sheria zake. Muda ulipokwisha, sheria nyingi zilikuwa kama zilivyokuwa. Huko Musoma alikuwapo mshitakiwa wa unyang'anyi wa kutumia nguvu, na kesi yake hujulikana kama Mkurugenzi wa Mashitaka dhidi ya Daudi Pete. Aliomba dhamana akakataliwa, kwa sababu sheria ya 1985 ilisema kwamba mtu anayeshitakiwa kwa tendo lenye shambulio kubwa au tishio la nguvu hapewi dhamana. Suala lilifika Mahakama Kuu Mwanza mbele ya Jaji James Mwalusanya, naye akaona masharti hayo yanapingana na Katiba. Serikali ikakata rufaa. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu Francis Nyalali akiwamo, ilisema aya ile ni batili. Sababu yake ni somo kwetu. Katiba inaruhusu mtu kunyimwa uhuru, ila kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Aya ile haikuweka utaratibu wowote wa kumsikiliza mtu. Ilitosha kuandikwa jina la kosa, basi, lango limefungwa. Tena ilikuwa kama wavu wa matundu madogo mno, unaovua papa na dagaa pamoja, maana hata mtu aliyetoa kitisho kidogo tu angenaswa humo.

Mfano wa madai ulitoka Arusha. Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali ya mwaka 1967, kama ilivyobadilishwa mwaka 1974, ilisema huwezi kuishitaki serikali mpaka kwanza upate kibali cha serikali yenyewe. Fikirini, umegongwa na gari, unakwenda kwa mwenye gari kumwomba ruhusa ya kumshitaki! Na asipokujibu, huna pa kwenda. Katika kesi ya Kukutia Ole Pumbun na mwenzake, Mahakama ya Rufani mwaka 1993 ilisema kifungu hicho ni kinyume cha Katiba, kwa kuwa kinamfanya mmoja wa wagombanao kuwa ndiye anayeamua kama ugomvi usikilizwe. Mwaka 1994 Bunge likaweka masharti mengine: badala ya kibali, mwananchi atoe notisi ya siku 90.

Tazameni tofauti ya mambo hayo mawili. Notisi ya siku 90 inachelewesha, na mwenye njaa huziona siku hizo kuwa ni mwaka. Lakini zikipita, unaingia. Ni kizingiti. Kibali kilikuwa kufuli, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mwenzako. Kizingiti unaweza kukiruka, kufuli huwezi. Hicho ndicho kipimo ninachowapa leo. Mkisikia sheria mpya ya mwenendo wa mashauri, ulizeni: hii ni kizingiti au ni kufuli?

Kwa kipimo hicho tunaweza kuyatazama ya miaka ya karibuni. Mwaka 2000 Katiba iliongezewa ibara inayoziagiza mahakama zisikubali ufundi wa kisheria uliozidi kiasi ukwamishe haki, na mwaka 2018 sheria za mwenendo wa madai na rufaa zikabadilishwa kufuata agizo hilo. Hapo vizingiti vilipunguzwa. Mwaka 2021 Kiswahili kikafanywa kuwa lugha ya sheria na mahakama, baada ya miaka mia moja ya hukumu ambazo aliyehukumiwa alihitaji kutafsiriwa. Hapo mlango ulifunguliwa. Mwaka 2022 likawekwa sharti kwamba kesi, ukiondoa makosa mazito, isifunguliwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika. Kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la mahakama anayajua yale maneno, "upelelezi haujakamilika", na anajua yalivyokula miaka ya watu.

Lakini kuhusu dhamana bado tunabishana. Yako makosa ambayo sheria inasema hayana dhamana hata kidogo, kama vile mauaji, unyang'anyi wa kutumia silaha na utakatishaji wa fedha. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinavunja Katiba, na mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Kwa hiyo anayeshitakiwa kwa kosa kama hilo hukaa rumande mpaka kesi iishe, na anayechagua jina la kosa ni mwendesha mashitaka, si hakimu. Mimi naiheshimu mahakama ya juu. Hata hivyo naona kwamba hoja ya mwaka 1991 haijazeeka. Kumsikiliza mtu kuhusu dhamana si kumwachia. Hakimu anaweza kumsikiliza akamnyima, akaandika sababu, na sababu hizo zikasomwa na aliye juu yake. Kumnyima bila kumsikiliza ni jambo jingine kabisa, nalo tulilizoea enzi za boma.

Na tusiwatupie lawama wakubwa peke yao. Mtaani kwetu kibaka akikamatwa na simu, huitwa tairi na kiberiti kabla hajaitwa polisi. Hapo kundi la watu limekamata, limeshitaki, limehukumu na limetekeleza adhabu, yote kwa dakika kumi. Wako waliouawa hivyo, ikajulikana baadaye kuwa simu ilikuwa yao. Babu zetu walimlalamikia Bwana Shauri mmoja mwenye kofia ya jua. Sisi tumejifanya Mabwana Shauri mia moja wenye mawe. Tunataka haki ya haraka, tukisahau kwamba yule Mjerumani naye alikuwa na haraka.

Basi nawaombeni mambo matatu. Samansi ikija, ifungueni siku hiyohiyo. Mkidhulumiwa, ulizeni kwanza mlango wenu ni wa jinai au wa madai, na hesabuni siku. Na siku mtakapomwona kizimbani mtu mnayemchukia, akipewa nafasi ya kusema, msiguniane. Nafasi anayopewa yeye ndiyo itakayowangoja ninyi, au mwanao, siku zamu itakapofika.

Juma lijalo, tukijaliwa, nitaeleza habari ya wazee wa baraza katika Mahakama ya Mwanzo. Mpaka hapo, kwaherini.